Mume kaumia kazini, bosi hapokei simu, kausha damu wapo mlangoni

Anti shikamoo,

Samahani meseji yangu ni ndefu ila naomba uisome mpaka mwisho mana sina tena wa kumwambia, ndugu nimeshawachosha na majirani nao wana ya kwao. Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 36, naishi Mbagala. Mume wangu alikuwa utingo kwenye fuso ya bosi mmoja anayesambaza vifaa vya ujenzi. Mkataba wa karatasi hakuwa nao, ni maneno tu, ila kazi ameifanya zaidi ya miaka mitano na mshahara wake 350,000 ulikuwa unaingia kwenye simu kila mwisho wa mwezi, na posho akisafiri.

Mwezi wa kwanza mwaka huu walikuwa wanashusha mabati Mkuranga, yeye yupo juu ya mzigo anafungua, kamba ikaachia akadondoka chali chini. Mgongo uliumia na nyonga ikavunjika. Bosi siku za mwanzo nisimseme vibaya, alikuja hospitali, akalipa gharama za kuanzia na mimi akanipa laki tatu mkononi akasema tusiwe na wasiwasi yeye ni mtu mzima. Ulipofika mwezi wa tatu simu hapokei, nikienda godauni mlinzi ananiambia bosi kasafiri wakati gari lake naliona kwa macho yangu limepaki ndani. Utingo mwingine ameshaajiriwa siku nyingi.

Sasaivi mume wangu yupo nyumbani kitandani, miguu haina nguvu, mkojo unatoka kwa mpira, na huku nyuma juu ya makalio kameanza kakidonda kadogo kekundu ambako kila nikikaangalia naona kanaongezeka. Kliniki tumeacha kwenda mana kukodi bajaji kwenda na kurudi tu ni hela ya kula ya siku mbili, na ukifika kuna kulipia. Mimi nakaanga vitumbua asubuhi, faida yake ikiwa nzuri ni elfu saba au nane, ikibaki tunakula vyenyewe.

Hapo ndo nikaingia kausha damu Anti. Nilichukua laki tatu ili nilipe kodi ya nyumba na ninunue unga na mafuta ya biashara, marejesho elfu kumi na tano kila siku kwa mwezi mzima. Nimejikaza nimelipa 210,000 nikaishia hapo, sasa wananiambia kila siku inayopita kuna faini ya elfu tano na deni limeshafika nisikokujua. Wanakuja watatu na pikipiki wanakaa pale nje wanaongea kwa sauti ili mtaa usikie, wamesema wiki ijayo wanabeba friji na godoro. Kitambulisho cha NIDA cha mume wangu wanacho wao, nilikiacha kama dhamana. Kuna dada jirani kaniambia nikachukue kwa wakopeshaji wengine nilipe hawa, nipumue kidogo.

Upande wa mume wangu walifungua grupu la wasap la michango, mara ya kwanza ilipatikana kama laki mbili na nusu, mara ya pili elfu arobaini, sasa mtu akiandika kitu mle ndani wengine wanaleft. Mama mkwe kaleta wazo kwamba Zai, binti yetu mkubwa yupo form three, aache shule kwa muda aende kwa mama mmoja Mbezi akafanye kazi za ndani alipwe laki kwa mwezi, mdomo mmoja upungue na hela iingie. Zai mwenyewe kasema yupo tayari, na hilo ndo linaniumiza kuliko hata angekataa.

Halafu kuna kijana wa mtaani ana wafuasi wengi mtandaoni, anasema tumpige picha mume wangu kidonda kionekane na watoto wakae pembeni, yeye ataweka namba yake ya simu watu wachangie halafu ataniletea. Mume wangu hataki kabisa, analia. Na nikimwambia twende tukamdai bosi pia hataki, anasema bosi alimtendea wema na akipona atamrudisha kazini, tukimshtaki ndo tumefunga mlango. Mpaka hapo sijui nishike lipi niache lipi. Nisaidie Anti.

Mama Zai, Mbagala


Marahaba Mama Zai mdogo wangu, pole sana, na mpe pole shemeji.

Nimeisoma yote, nikarudia ile sehemu ya ajali. Mdogo wangu, umeniuliza kuhusu picha, kuhusu Zai, kuhusu kausha damu, kuhusu bosi, yani umeniuliza ukaombe wapi. Ila kabla ya kuomba popote kuna hela ambayo haiombwi, ni ya mume wako kisheria, na nadhani hakuna mtu aliyewahi kukutajia. Shemeji hakuugua tu hivihivi nyumbani. Kaumia akiwa juu ya mzigo wa mwajiri, saa za kazi. Kwa Tanzania Bara mtu wa hivyo ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, wenyewe tunauita WCF. Sheria yake ni ya mwaka 2008, na tangu 2015 kila mwajiri wa sekta binafsi anatakiwa kuuchangia kwa ajili ya wafanyakazi wake. Mfanyakazi hakatwi hata shilingi, anachangia mwajiri peke yake, ndo mana wengi hata hawajui kama upo, kwenye mshahara hukioni kitu.

Sasa huo mfuko unafanya nini. Mtu akiumia kazini unalipia matibabu ya jeraha hilo. Kipindi ambacho hawezi kufanya kazi analipwa asilimia 70 ya mshahara wake, inaweza kwenda mpaka miezi 24. Kwa mshahara wa 350,000 hiyo ni 245,000 kwa mwezi. Zidisha mwenyewe tangu mwezi wa kwanza utaona ni hela gani imelala wakati wewe unafukuzwa na watu wa pikipiki. Halafu madaktari wakishaona matibabu yamefika mwisho wake na bado kuna ulemavu, wanaupima kwa asilimia. Ukizidi 30 analipwa pensheni kila mwezi, ukiwa 30 kushuka chini analipwa mkupuo mara moja. Na kuna fao la anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, huyo anayemgeuza usiku na kubadilisha shuka, yani wewe. Wanayo pia huduma ya utengemao, mazoezi na vifaa vya kumrudisha mtu kwenye maisha, kiti cha magurudumu kikiwemo.

Naomba shemeji asomewe hapa. Shemeji, kudai fidia siyo kumshtaki bosi. Hela inatoka kwenye mfuko, haitoki mfukoni mwake, na kama amekuwa akichangia vizuri basi hapungukiwi kitu, kazi yake ilikuwa ni kutoa taarifa tu na alitakiwa aitoe ndani ya siku saba baada ya kujua umeumia. Kwa hiyo ule wema aliokufanyia hospitali unabaki wema wake, hakuna anayemvunjia heshima. Na kama hakuwahi kujisajili wala kuchangia, hilo ni kosa lake, atamalizana yeye na Mfuko, haki yako haiondoki kwa sababu yeye hakutimiza wajibu. Nakuelewa unavyosubiri akurudishe kazini, mwanaume anayelisha nyumba kukubali kuwa mgongo umebadilisha maisha siyo jambo la wiki moja. Ila kiti chako kwenye fuso kimeshakaliwa, na watoto wako wanne wanakula leo.

Kuna kitu kimoja nataka mkikimbilie wote wawili, ni muda. Taarifa ya ajali inatakiwa iwe imetolewa ndani ya miezi 12. Mmeumia mwezi wa kwanza na sasa tupo mwezi wa tisa, kwa hiyo mpo ndani lakini siyo kwa raha ya kukaa mkisubiri bosi arudi safari yake. Bosi kujua kwa mdomo sawa, alikuja mpaka hospitali, ila mtu asiyepokea simu leo kesho anaweza kusema hakuwahi kujua. Kwa hiyo nendeni wenyewe Mfukoni mkaandikishe. Siyo lazima mgonjwa abebwe, unaweza kwenda wewe na karatasi wakakuelekeza.

Najua utaniambia "Anti hatuna mkataba". Kwa sheria zetu za kazi mtu ni mfanyakazi kwa jinsi anavyofanya kazi, anaamriwa na nani, analipwa na nani, siyo lazima karatasi. Na nyie ushahidi mnao ndani ya simu. Mshahara ulikuwa unaingia kwenye simu kila mwisho wa mwezi, miaka mitano! Nenda duka la mtandao wenu wa simu na simu ya shemeji waombe taarifa ya miamala ya mwaka mzima kabla ya ajali. Itatoka karatasi ina jina la bosi au la kampuni yake, 350,000, mwisho wa mwezi, mwezi hadi mwezi, nani atasema alikuwa anamtumia zawadi. Kama kuna meseji za "kesho saa kumi na moja alfajiri mzigo wa Kibiti" usifute hata moja, zipige picha uzitume kwenye simu nyingine. Dereva wa siku ile mtafute taratibu, usimtishe, mwambie unahitaji aseme tu alichokiona, na kama anaogopa kibarua chake mwambie ataje hata waliokuwepo pale dukani Mkuranga walipokuwa wanashusha. Karatasi za hospitali zote, picha za eksirei, risiti zote hata zilizofifia, hata ya dawa ya elfu mbili, mana gharama mlizolipa wenyewe zinaombewa kwa risiti. Toa kopi. Usiache karatasi halisi ofisi yoyote bila kubaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa.

Kama kwenye Mfuko wakisuasua au bosi akikataa kusaini sehemu yake, hapo unaenda kwa afisa kazi wa mkoa, na unatafuta msaada wa kisheria. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, mtu asiye na uwezo anasaidiwa bure. Hapo Dar kuna mashirika ya msaada wa kisheria, wapo WLAC, wapo TAWLA, wapo LHRC, na kwenye kata nyingi kuna wasaidizi wa kisheria wanaojulikana na ofisi ya mtendaji. Wala usimlipe mtu wa pembeni anayekwambia ana mjomba ndani ya ofisi na atakufuatilia kwa asilimia fulani. Nawajua hao, wanakaa karibu na kila ofisi inayolipa watu wenye shida.

Haya tuje kwa hao wa pikipiki. Kwanza nakuomba, nakuomba kabisa, usichukue mkopo mwingine kulipa huo. Huyo dada jirani anakupenda ila anakuonyesha shimo la pili. Sasa kaa chini tupige hesabu pamoja. Ulichukua 300,000, wao wanataka 15,000 kila siku kwa siku 30, hiyo ni 450,000, yani riba ya nusu ya mkopo ndani ya mwezi mmoja. Tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji lazima awe na leseni na Benki Kuu imeweka kikomo cha riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kikomo hicho mkopo wako wa mwezi ungekuwa na riba ya 10,500 tu. Wewe umeshalipa 210,000. Ukitumia hesabu halali ya ule mwezi ulibakiza 100,500, siyo hayo mamilioni wanayokuhesabia kwa mdomo mbele ya watoto.

Sikwambii usilipe, deni ni deni. Nakwambia usilipe kwa kutishwa. Andika kwenye daftari tarehe na kiasi cha kila marejesho, zile ulizotuma kwa simu zitoe kwenye miamala. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla hawajaja, siyo baada, mweleze, muombe awaite mkae mbele yake. Pale waambie walete leseni yao na mkataba uliosaini, na toa ahadi yako, labda elfu kumi kwa wiki mpaka ulichobakiza kiishe, iandikwe wasaini. Hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuingia ndani kwako akabeba godoro la mgonjwa kwa nguvu kwa sababu ya deni, wakijaribu hiyo ni kesi ya polisi na mwenyekiti awe anajua hivyo. Kama hawana leseni, au wanayo na wanafanya haya, malalamiko yanapelekwa Benki Kuu, wanayapokea. Na NIDA ya mume wako siyo dhamana ya mkopo, idai siku hiyohiyo mbele ya mwenyekiti. Ila wasipoirudisha isikuzuie kwenda Mfukoni, namba ya NIDA ndo inayotakiwa kwanza, na hiyo unaweza kuipata ofisi ya NIDA wilayani.

Ukiwa hapo kwa mwenyekiti usiondoke na jambo moja tu. Mwambie unaomba barua ya utambulisho kwamba kaya yako haina uwezo, mtendaji wa mtaa nae aweke muhuri. Hiyo barua ina kazi nyingi. Peleka kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali mnayotibiwa, kila hospitali ya wilaya na ya rufaa inaye, na huyo ndo mwenye kalamu ya msamaha wa matibabu kwa wasioweza kulipa. Watu wengi wanaenda dirishani wanaambiwa bei wanageuza nyumbani, hawajui kuwa kuna mlango mwingine kwenye jengo hilohilo. Usisubiri ufike kwenye malipo, anzia kwake. Yule mwanao wa mwisho kama hajafika miaka mitano matibabu yake ni bure kwenye vituo vya serikali. Na barua hiyohiyo ipeleke kwa ustawi wa jamii wa halmashauri mtambulike, mana sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeweka utaratibu wa wasio na uwezo kugharamiwa, na anayegharamiwa ni yule aliyekwisha kutambuliwa.

TASAF nao, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, najua utaniuliza. Ule Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulianza 2012, awamu ya pili ikaanza 2020, na mijini ulifika siyo vijijini tu. Lakini majina hayaandikwi kila siku, yanaibuliwa kwenye mkutano wa mtaa wakati wa uandikishaji, halafu wanakuja kuhoji kaya, na malipo yenyewe ni madogo, yalikuwa yanakuja kila baada ya miezi miwili. Muulize mwenyekiti kama kuna zoezi lolote, jina lako liwepo, ila usijenge bajeti ya nyumba juu yake. Ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, haina riba na ni ya vikundi. Siyo ya kulipia kodi wala kausha damu, ni ya biashara na marejesho yapo. Tafuta kina mama wa vitumbua na genge hapo mtaani muanze kikundi taratibu, afisa maendeleo ya jamii wa kata atawasajili, hiyo ni ya mwakani ukishatulia.

Kidonda. Hapa nakaa kidogo kwa sababu wapo watu wenye mgongo ulioumia wanaopoteza maisha kwa kidonda, siyo kwa mgongo. Hako kekundu ulikokaona ndo mwanzo, na kakiwa bado ngozi haijachanika kanaweza kupona. Mgeuze kila baada ya masaa mawili, ubavu huu, ubavu ule, asilalie hapo kabisa kwa sasa. Weka mto katikati ya magoti na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee visiguse godoro. Shuka isiwe na mkunjo wala chembe ya mchanga, maji au mkojo ukimwagika badilisha saa hiyohiyo. Usimburute ukimgeuza, ngozi inachubuka, tumia shuka iliyokunjwa mkamnyanyua wawili. Spiriti usipake. Mfuko wa mkojo ukae chini kuliko kitanda, na mpira una siku zake za kubadilishwa, usikae miezi. Zahanati ya karibu muombe nesi akuonyeshe namna ya kusafisha, na ukiona pamechanika, panatoa harufu au ana homa usisubiri hela ya bajaji, siku hiyo gonga mlango wa jirani yeyote mwenye usafiri.

Usiku huwezi peke yako mdogo wangu, utaanguka wewe. Hapa ndo pa kuwatumia wale ndugu waliochoka kuchanga. Mtu akishatoa hela mara mbili anaanza kukwepa simu, ila mwambie shemeji yako fulani aje alale kwenu Ijumaa na Jumamosi amgeuze kaka yake, wewe ulale, atakuja. Lile grupu la wasap lifufue kwa namna nyingine. Usiandike "jamani hali ni mbaya", andika kitu chenye ukubwa unaobebeka: watu kumi, buku tano kila mmoja, kila tarehe tano, ni ya mpira wa mkojo na pampasi na nauli ya kliniki, mtunza hela awe mtu mmoja anayeaminika na kila mwezi aweke mle risiti. Elfu hamsini ya uhakika kila mwezi inakufaa kuliko laki mbili na nusu iliyokuja mara moja ikaisha. Na bidhaa pia, mwenye duka anaweza kutoa sabuni na unga hata kama hawezi kutoa hela.

Hujaniambia dini yenu ila kwa jina la binti nahisi ni Waislamu, kama nimekosea utanisahihisha. Nenda kwa imamu, na usiende kuomba sadaka ya Ijumaa tu, muulize habari ya zaka. Quran, sura ya Tawba aya ya 60, imewataja wanaostahili zaka makundi manane, na humo mna mafukara, mna masikini, na mna wenye madeni. Wewe upo zaidi ya mara moja kwenye aya hiyohiyo. Wapo watu wenye biashara hapo Mbagala na Kariakoo wanaotoa zaka kila mwaka na wanatafuta mtu mwenye shida ya kweli wasimpate. Imamu akiuona mkataba wa deni na barua ya mwenyekiti ana kitu cha kuwaonyesha. Kama ni Wakristo basi ni jumuiya yenu ndogo ndogo na mchungaji au padri, karatasi ni zilezile.

Yule kijana na picha zake mwambie asante, hapana. Shemeji amekataa na mwili ni wake. Picha ikishatoka haitarudi, na watoto wako watakutana nayo wakiwa wakubwa. Na zaidi ya hapo, namba ya simu ni ya kwake, hela inaingia kwake, wewe utajuaje imeingia ngapi? Siku mkiamua wenyewe kuomba hadharani, namba iwe yenu yenye jina la shemeji, picha iwe ya karatasi ya daktari iliyofichwa jina, na mwenyekiti ajue.

Nimemuacha Zai mwisho mana hapa sina la kuzunguka. Zai asitoke shule. Mama mkwe msimgombeze, anaona mwanae kalala na anatafuta hesabu itoke, mtu mzima wa Pwani huyo keshaona njaa nyingi. Ila mwambieni kwa upole hesabu yake: form three mwakani ni form four, umebaki mwaka na kidogo apate cheti, na shule yenyewe ya serikali haina ada tangu 2016, hadi kidato cha tano na sita ada ilifutwa 2022. Kinachowasumbua ni michango na sare na daftari, na hivyo vinaongeleka. Nenda na ile barua ya mwenyekiti kwa mkuu wa shule, mweleze hali, mwalimu wa malezi nae ajue, mana serikali imeshasema wazi mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya michango. Hiyo laki ya Mbezi nayo nani ana uhakika itatoka kila mwezi? Binti wa miaka hiyo ndani ya nyumba ya watu usiowajua, simu kashikiwa, utaenda kumuuliza nani. Muite Zai mwambie umeuona moyo wake, na kazi mnayompa ni kumsomea baba yake zile fomu za Mfuko na kuandika lile daftari la marejesho, mwandiko wake utakuwa mzuri kuliko wetu.

Jumatatu anza na miamala ya simu, kisha mwenyekiti, kisha Mfukoni, hayo mengine yatafuata hata kama ni kwa wiki mbili tatu. Ukifika Mfukoni wakikwambia kuna karatasi inakosekana usirudi na maneno ya mdomo, waombe wakuandikie ni karatasi gani na inatolewa wapi, uipige picha unitumie nitakuelekeza. Msalimie sana shemeji.